Ubovu wa Makusudi

Boti ilikuwa tayari, imelala juu ya tela uani kwetu Nateete, na hatukuwa na kitu cha kuivuta. Katembo, fundi Mkongo aliyeiunda, alikuwa anaizunguka akiipiga makofi ubavuni kama ng'ombe wa maziwa. Ziwa lilikuwa upande wa pili wa mji wa Kampala. Mkuu wa mwalo wa Ggaba, kituo cha boti za uvuvi, alinishikia nafasi ya kuegesha mpaka Jumamosi adhuhuri. Boti isipokuwa majini saa hiyo, nafasi inakwenda kwa mtu mwingine, na nafasi za Ggaba zilikuwa adimu kuliko sukari.

Tuliiundia uani kwa sababu miaka ile ya utawala wa wanajeshi mbao zikilazwa ufukweni haziamki, wezi wanaziwahi. Boti nayo ingerudi kulala nyumbani kila mwisho wa juma, wavuvi wanapokwenda makwao, kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo gari tulilolitafuta halikuwa la fahari. Lilikuwa la kuvuta.

Niliitaka kazi hiyo ya uvuvi kuliko kitu chochote. Mume wangu, Ongom, alikuwa polisi wa ofisini, na polisi waliotoka kwetu kaskazini walikuwa wanapungua kila mwezi, wengine kwa barua ya kufukuzwa, wengine bila barua, wasionekane tena. Samaki hawamuulizi mtu katoka wapi.

Alhamisi tukaenda Kisenyi kwenye magereji. Ongom alikuwa amenyoa ndevu kama anayekwenda kuposa.

"Mama Ayot, tazama Benz ile!" akasema kabla hatujavuka barabara. Ilikuwa nyeusi, inang'aa.

"Itavuta boti?"

"Itavuta hata macho ya watu."

"Macho ya mwanajeshi wa kwanza tutakayekutana naye Kibuye. Twende."

Alijua nasema kweli. Gari zuri siku hizo hukukaa nalo. Kijana mwenye bunduki alinyoosha mkono, ukampa funguo, ukarudi nyumbani kwa miguu na kumshukuru Mungu kwamba miguu unayo. Kuwa polisi hakukusaidia kitu. Mbele ya mwanajeshi, polisi ni raia mwenye kofia. Ndiyo maana Kampala nzima ilijifunza kuyaharibu magari yake yenyewe. Mtu alitoboa taa, akagonga mlango nyundo, akapaka matope mapya kila Jumatatu. Tabu yake ni kwamba wauzaji wa magari yaliyokufa kweli nao walijifunza wimbo huo huo.

Muuzaji wa kwanza alituonyesha gari lililofungwa kwa waya kila mahali. Liliwaka, likakohoa, likazima.

"Ubovu wa makusudi huo, mama," akasema. "Ndani ni zima kama ndama."

"Vizuri. Uondoe."

"Niondoe nini?"

"Ubovu. Si umeuweka mwenyewe? Uondoe nikiangalia."

Akajikuna shingo. "Leo fundi wangu hayupo."

"Basi na mimi sipo."

Wa pili na wa tatu wakawa vivyo hivyo. Ongom alianza kutazama nyuma, kule kwenye Benz. Ndipo tukafika kwa mzee Muhamadi, aliyekuwa amekaa juu ya tairi akila muhogo. Nyuma yake ilisimama pikapu ya Pijo iliyowahi kuwa ya kijani. Alipoiwasha ilitetemeka kama mwenye malaria, na moshi ukatoka chini ya boneti.

"Makusudi?" nikauliza.

"Makusudi, binti yangu."

"Uondoe."

Mzee akacheka mpaka kofia ikasogea. Akafuta mikono, akafungua boneti, akachomeka waya mmoja wa plagi uliokuwa umening'inia kando. Injini ikatulia papo hapo. Kisha akachukua tambara na kufuta oili aliyokuwa ameipaka kwenye bomba la ekzosi. Moshi nao ukakoma. Ongom alinibana mkono.

"Usinibane," nikamwambia. "Bado sijanunua. Mzee, twende kwangu tukaifungie boti."

Tukaenda. Katembo akafunga tela, akajaza mawe ndani ya boti na kukaa juu yake. Nikashika usukani mwenyewe, nikaelekea mlima wa Rubaga. Katikati ya mlima nikasimama kwa kusudi, nikavuta breki ya mkono. Hapa ndipo gari la kuvuta linapojulikana, si kwenye tambarare. Nikaachia klachi polepole, nikashusha breki. Pikapu haikurudi nyuma hata kidogo. Ilinguruma, ikajikaza, ikapanda. Katembo akasimama ndani ya boti akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti yake yote, na wanawake wa kando ya barabara wakapiga kelele, "Nuhu! Nuhu anakwenda!" Mimi, mtu mzima, mwenye diploma ya biashara ukutani, nikapiga honi mpaka juu kabisa.

Nikaangalia rejeta, nikachomoa kijiti cha oili na kukinusa. Nikanunua. Bei ilikuwa ya gari bovu, na mimi sikubishana nayo.

"Waya uchomoe unapoegesha," mzee Muhamadi akaniambia akinipa funguo. "Na usiioshe."

Ongom hakusikia. Alikuwa anajaribu wipa.

Jumamosi asubuhi niliamshwa na sauti ya maji. Nikatoka nje nikiwa na kanga tu. Ongom alikuwa ameiosha pikapu yote, amesugua kutu, amepaka nta ya mishumaa na kuipangusa mpaka kijani chake kikarudi. Niliweza kuona meno yangu mlangoni mwake.

"Siku yake ya kwanza ziwani, Mama Ayot! Isiende kama imetoka vitani."

Nilichomwambia hakiandikiki. Tukairushia vumbi na majivu, mimi na Katembo, lakini vyote viliteleza juu ya nta. Matope hayakuwepo: maji yote ya nyumbani Ongom alikuwa ameyamalizia kwenye gari, ardhi ikayanywa, na mvua haikuwa imenyesha tangu mwezi uliopita. Jua lilikuwa linapanda. Tukafunga boti, Katembo akapanda ndani yake, tukaondoka.

Mbele ya Kibuye kulikuwa na kizuizi. Mwanajeshi mmoja mwenye miwani nyeusi akaja akitembea taratibu, akapitisha kidole juu ya boneti.

"Hii gari ya nani?"

"Yangu, afande."

"Yako? Wewe mwanamke?"

"Ndiyo. Na boti pia."

"Gari mzuri sana. Leta funguo. Mkubwa yangu nataka pikapu."

Ongom, kwenye kiti cha abiria, alikuwa anatazama viatu vyake. Nilikuwa nimemkataza kufungua mdomo, maana lafudhi yangu ilikuwa imeshayeyuka mjini, lakini yake ya kaskazini ingetuletea maswali mengine.

"Chukua, afande," nikasema. "Limenichosha. Lakini ningoje nitie maji kidogo. Likikufia njiani, mkubwa wako atakulaumu wewe, si mimi."

Akanitikisia mkono, fanya upesi. Nikachukua kopo, nikafungua boneti na kumpa mgongo. Waya wa plagi ulikuwa wa moto, ukanichoma vidole, nikauchomoa. Nikachomoa kijiti cha oili pia, nikakifutia kwenye bomba la ekzosi, nikakichovya, nikakifutia tena. Nikafunga boneti.

"Tayari, afande. Jaribu."

Akaingia, akawasha. Pikapu ikaanza kutetemeka hadi miwani ikamshuka puani. Moshi ukafuka mbele yake. Katembo akaruka kutoka ndani ya boti akipiga yowe, "Inalipuka! Mama yangu, inalipuka!"

Mwanajeshi akatoka kwa mlango wa pili, akampanda Ongom mapajani.

"Wewe mama! Hii gari mgonjwa!"

"Ndiyo, afande. Tumeipaka nta tupate mjinga wa kumuuzia."

Nilipokwisha kusema nikatamani kuyarudisha maneno mdomoni. Alinitazama. Wenzake wawili walikuwa wamesogea karibu. Kisha akaangua kicheko, akawageukia, "Mnasikia? Huyu mama mwizi kabisa!" Akapiga teke tairi. "Ondoa takataka yako hapa!"

Walitusukuma wenyewe.

Pikapu ilitutetemesha, Katembo akiwa amesharudi botini, hadi tulipopita kona, nikasimama, nikachomeka waya. Toka hapo sikugusa breki mpaka Ggaba, isipokuwa kwa ng'ombe. Kwenye nafasi yangu, mtu mwingine alikuwa ameshaleta boti yake, ameketi juu yake anangoja. Mkuu wa mwalo alikuwa anatazama saa.

"Adhuhuri bado!" nikampigia kelele dirishani.

Nikarudisha tela nyuma, likaenda upande. Wavuvi wakacheka. Nikavuta mbele, nikalinyoosha, nikarudisha tena, na safari hii liliingia majini moja kwa moja. Katembo akakata kamba. Boti ikainua pua, ikasita, ikaelea. Adhana ikaanza msikitini kule juu, na mkuu wa mwalo akamwashiria yule mtu aondoke.

Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikanikauka. Nilipogeuka kumtafuta mume wangu, nikamkuta amekunja suruali, amepiga magoti ufukweni. Alikuwa anachota matope kwa mikono miwili na kuyapaka kwenye boneti, mlango hadi mlango, kwa makini, kama anayemsinga bibi harusi.

Nikaizunguka pikapu yote, nikaikagua.

"Baba Ayot, hapa karibu na taa umeacha."