Mayai ya Mgonjwa

Kakuru alikuwa mtu wa ng'ombe, na watu wa ng'ombe wana kiburi chao. Alikuwa na miaka sitini na minane na hakuwahi kutia yai mdomoni. Baba yake hakula kuku, babu yake hakula kuku, na yeye aliona kwamba mwanamume anayeinama kuokota yai amejishusha mwenyewe, asimlaumu mtu. Kwake kuku walikuwa kelele za uani tu. Walikuwa mali ya mkewe, Katusiime, na waliishi kwa sheria za Katusiime.

Sheria zenyewe zilikuwa nyingi. Kila Juni, ukungu uliposhuka Bweranyange na kukaa mpaka saa nne asubuhi, Katusiime aliwahamishia kuku wake kumi na watatu jikoni, walale kwenye fito juu ya mafiga, wapate joto na moshi. Aliwawekea karai la majivu makavu yaliyochanganywa na majani ya mruku yaliyotwangwa, ule mti wanaoutumia wakulima kufukuzia fuko migombani, na kuku wakajigaragaza humo wenyewe. Hiyo ilikuwa dawa yake ya utitiri, wale wadudu wekundu wanaojificha kwenye nyufa mchana na kutoka usiku kunyonya damu. Kwa minyoo aliwapa mbegu za maboga zilizosagwa. Nyasi za viota alizibadilisha kila Jumamosi, na zile za zamani alizichoma. Hakuzitupa, maana alisema kutupa utitiri ni kuupeleka kutembea ili urudi na ndugu zake.

"Kuku wangu hawaijui dawa ya duka," alipenda kujisifu. Na kweli, aliyekuwa na mgonjwa au mzazi aliyejifungua nyumbani alikuja kwake kuomba mayai.

Jumamosi moja ya mwisho wa Juni, akipanda mteremko na mzigo wa nyasi hizo kichwani, aliteleza kwenye umande akavunjika nyonga. Wakampeleka hospitali Kayanga, akalazwa mguu ukiwa umefungwa uzito wa kuuvuta. Binti yao, Kobugabe, aliyeolewa Nyabiyonza, alimwacha mtoto wake kwa mama mkwe akaja kumuuguza.

Kabla ya kuuliza lini ataweza kutembea, Katusiime aliuliza habari za kuku.

"Baba Kobugabe, majivu yawe makavu. Yakilowa hayana kazi. Na moto usizimike jikoni, baridi hii inaua. Na nyasi, usisahau, kila Jumamosi."

"Nimesikia," alisema Kakuru. Alisikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani.

Wiki mbili zilipita, nyasi zile zile, majivu yale yale yaliyolowa. Kakuru alikuwa na ng'ombe ishirini na wawili wa kuchunga, na jioni akichoka alikula ugali aliopewa na shemeji yake wa ng'ambo ya bonde, akaushushia kwa maziwa, hivyo jikoni moto haukuwaka. Kila siku Katusiime alipiga simu kwa simu ya Kobugabe. Kila siku Kakuru alijibu kwamba kuku ni wazima. Njia ya mwongo ni fupi, lakini Kakuru aliiona ndefu ya kutosha kumfikisha siku mkewe atakaporudi.

Asubuhi moja aliingia jikoni kutafuta kamba, akajikuna mikono yote miwili. Akatazama juu. Kuku walikuwa wamejikunja kwenye fito, vilemba vyao vimepauka, hawana hata nguvu ya kushuka. Alimshika mmoja, mweusi mwenye kishungi, akamfunua bawa. Ngozi ilikuwa inatembea.

Hapo alipatwa na aibu, na aibu ile ilikuwa ya kweli. Nisiwe mkali kwake kupita kiasi. Alikuwa ameishi na mwanamke yule miaka arobaini na minne, na kitu kimoja tu alichomwomba kitandani pale kilikuwa hiki. Alimpenda, ila hakuwa na subira. Akataka kulimaliza asubuhi moja jambo ambalo mkewe hulifanya msimu mzima, kidogo kidogo, kwa majivu na nyasi.

Ilikuwa Alhamisi, siku ya kuogesha ng'ombe. Dawa ya kupe ilikuwa imeshachanganywa. Kakuru aliitazama ndoo, akajiambia kwamba dawa inayoua kupe mgumu haitashindwa na mdudu asiyeonekana. Tena, kwa kuwa utitiri ni mwingi na kupe ni wachache, akaongeza vifuniko viwili. Akawakamata kuku mmoja mmoja, miguu mkono huu, mabawa mkono ule, akawazamisha mpaka shingoni, kama anavyofanya mtu na ndama mkaidi. Kumi na watatu wote. Dawa iliyobaki akainyunyiza kwenye viota na kwenye nyasi. Ukungu ulikuwa haujainuka, na kuku wakarudi jikoni wakichuruzika, mahali pasipo moto.

Ijumaa asubuhi watano walikuwa wamelala chini, miguu imekakamaa. Aliwafukia nyuma ya zizi, kina kirefu mbwa wasiwafukue, akaweka na jiwe juu. Lakini alipowafunua mabawa wale wanane waliobaki, utitiri ulikuwa umekwisha kabisa. Akafurahi. Akawasha moto siku hiyo, akabadilisha nyasi, akawamwagia mahindi. Jumapili alikuta mayai manne kwenye viota. Aliangalia mlangoni kama kuna mtu anamwona, kisha akainama akayaokota.

Aliyachemsha mwenyewe, akapanda bodaboda hadi Kayanga, mayai yamefungwa kwenye leso mfukoni mwa koti.

"Wewe?" Katusiime alishangaa, akaanza kucheka huku akishika nyonga kwa maumivu. "Umeokota mwenyewe, kwa mikono hii?"

"Kwa hii hii."

"Kobugabe, njoo umwone baba yako! Leo mvua ya mawe itanyesha."

Wanawake wa vitanda vya jirani wakacheka. Kakuru naye akacheka, jambo lililokuwa nadra kwake.

"Na kuku wangu? Wote wapo?"

"Wote," alisema Kakuru, na mayai yakamtolea ushahidi. Kuku wangekuwa wamekufa, mayai yangetoka wapi?

Katusiime alikula mawili palepale. Hakumpa mtu, alisema hicho ni chakula cha mgonjwa, na Kobugabe akamkubalia. Jumatatu Kakuru akaleta matatu, Jumanne manne. Katika ndoa yao yote hakuwahi kumletea mkewe kitu kilichomfurahisha namna ile, na kila alipoondoka pale alitembea kifua mbele.

Jumatano asubuhi alikuja bwana mifugo, Mwesiga, kijana wa Muleba mwenye maneno machache. Alikuja kuchanja ng'ombe.

"Shikamoo, mzee Kakuru."

"Marahaba. Karibu."

Kazi ilipokwisha, Mwesiga alinawa mikono, akaona kuku wakipekua uani. "Kuku wamependeza," alisema. "Huku kwenu kote utitiri umewamaliza. Mama amewapa nini?"

"Mama yuko hospitali. Nimewatibu mimi," alisema Kakuru, na kwa kuwa alikuwa amejaa sifa hakuficha kitu. Alieleza ndoo, alieleza vifuniko.

Mwesiga aliacha kujifuta mikono. "Dawa ile ile ya ng'ombe? Uliwazamisha?"

"Mpaka shingoni."

"Mzee, maziwa ya ng'ombe waliooga dawa hiyo unayafanyaje?"

"Nayamwaga siku tatu," alijibu Kakuru, karibu akasirike. Wachungaji wote walijua kwamba mwaka juzi alimtolea fimbo jirani aliyemuuzia mtu maziwa ya ng'ombe mwenye dawa. "Mimi si mtu wa kulisha watu sumu."

"Na mayai?"

Kakuru aligeuka akawatazama kuku uani. Jamani, mtu huyu alijua kwamba kinachoingia kwenye ngozi ya ng'ombe hutoka kwenye kiwele. Alilijua tangu utotoni. Lakini yai hakuwahi kulihesabu kuwa chakula, na kwa hiyo hakuwahi kujiuliza linatoka wapi na limepita wapi.

"Mayai asile mtu yeyote," alisema Mwesiga. "Hata hao kuku msile. Dawa hiyo si ya kuku kabisa, na ulivyoizidisha ndiyo balaa. Kuna aliyekula?"

"Hakuna," alisema Kakuru.

Mwesiga alipoondoka tu, Kakuru alisimamisha bodaboda. Njia nzima alijipangia maneno. Atamwambia mkewe kwanza, kisha daktari. Atasema, "Nimekosa." Neno moja tu, si zito.

Alipofika, Katusiime alikuwa amegeuzia uso ukutani. Tangu alfajiri alikuwa anatapika. Jasho lilimtoka kwenye baridi ile, mate yalimjaa mdomoni, na mikono ilimtetemeka hata kikombe hakikushikika. Daktari alikuwa amesimama kando ya kitanda, na Kobugabe mbele yake.

"Amekula nini tangu juzi?" daktari aliuliza. "Kuna dawa yoyote ya kienyeji mmempa? Msinifiche, sigombi na mtu. Nataka kujua nimtibu nini."

"Hapana, daktari. Uji, ndizi za kupika, na mayai ya kuku wake mwenyewe. Hao hawapewi hata dawa ya dukani, mama hataki."

Daktari akamgeukia Kakuru. "Ni hivyo, mzee?"

Wanawake wa vitanda vya jirani, wale waliocheka Jumapili, walikuwa wanamtazama. Kakuru alifungua mdomo. Aliwaona kuku watano chini ya jiwe, na ndoo, na Katusiime akijua kwamba aliambiwa "wote" ilhali si wote. Neno lile ambalo njiani lilikuwa jepesi likawa halinyanyuki.

"Ni hivyo," alisema.

Daktari aliandika kitu, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Kakuru alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Baadaye Katusiime aligeuka, akamwona mikono mitupu.

"Leo hukuleta?"

"Wameacha kutaga."

"Ni baridi," alisema kwa shida. "Waongezee moto, baba Kobugabe. Usiwalaumu."

Alifariki Ijumaa, kabla ya saa sita mchana. Karatasi ya hospitali ilisema damu iliganda mguuni ikapanda kwenye mapafu, na kwamba hutokea kwa watu wazima waliovunjika nyonga. Huenda ndivyo ilivyokuwa. Kakuru hakujua kusoma vizuri, akaikunja karatasi akaitia kwenye koti.

Walimzika Jumapili kwenye migomba. Watu walikuwa wengi, turubai halikuwatosha. Baada ya mazishi wazee walikaa na Kakuru, na kila aliyepewa nafasi alisema jema. Ildefonsi, jirani wa miaka mingi na mwalimu wa dini, alisimama akasema anataka wanaume wa Bweranyange wajifunze.

"Huyu mnayemwona, mtu wa ng'ombe, asiyekula yai wala kulishika, aliinama mwenyewe akaokota mayai kwa ajili ya mkewe. Akayachemsha, akayapeleka Kayanga, na si mara moja. Mnasikia, vijana? Huo ndio upendo. Mama yetu amekwenda akiwa amelishwa na mkono wa mumewe."

Wanawake waliitikia kwa kulia. Kakuru aliinamisha kichwa, na watu wakadhani ni majonzi. Ni kweli yalikuwa majonzi, ila hawakujua ya aina gani.

Jua liliposhuka, Kobugabe alikuja akapiga magoti mbele ya baba yake. Macho yalikuwa yamemvimba. Nyuma yake mtoto wake, Vero, wa miaka mitatu, alikuwa amekaa kwenye nyasi, na mkononi alikuwa na yai aliloliokota kiotani.

"Tata, kesho narudi Nyabiyonza. Naomba kuku wa mama. Wewe huwawezi. Nitawatunza kama alivyowatunza yeye, na mtoto apate mayai. Nimeshaweka sufuria jikoni, nimchemshie hilo."

"Hapana."

"Tata, ni kuku wa mama."

"Usimpe!" Kakuru alisimama, akamnyang'anya mtoto yai, akalitupa mbali kwenye migomba. Vero akaangua kilio. Watu wote chini ya turubai wakageuka, Ildefonsi akanyanyuka kwenye kiti.

"Mayai yana dawa ya ng'ombe," alisema Kakuru. Sauti haikutosha, akarudia. "Niliwazamisha kuku kwenye dawa ya ng'ombe. Watano walikufa, nikawafukia. Mayai ya waliobaki nikampelekea mama yako. Sikujua."

Kobugabe alikuwa bado amepiga magoti. Hakupiga kelele kama watu walivyotarajia. Alimtazama baba yake kama mtu anayejaribu kukumbuka kitu.

"Hukujua," alisema. "Ulijua lini?"

Angeweza kudanganya tena. Mwesiga hakuwepo msibani, na hakuna mwingine aliyejua.

"Jumatano. Asubuhi."

"Jumatano daktari alituuliza amekula nini."

"Ndiyo."

"Ulikuwa umesimama pale, Tata. Alikuuliza wewe."

"Nilikuwa nimesimama pale," alisema Kakuru.

Kobugabe aliinuka, akampangusa mtoto mikono kwa kanga yake, kidole kimoja kimoja, kisha akambeba akaenda kukaa upande wa wanawake. Ildefonsi alibaki wima, hajui akae au aondoke. Hakuna aliyemsogelea Kakuru kumwambia pole tena, wala jioni ile, wala kesho yake.