Bubu wa Nyuma ya Pazia

Waliompelekea nguo walimwita Mama Fundi. Waliocheza naye gemu kwenye simu walimwita Bubu, na hawakujua kwamba ni mama, wala kwamba ni fundi.

Duka lake lilikuwa chumba kimoja: cherehani mbili, meza ya kukatia, pasi, na kona iliyozibwa kwa pazia ambako wateja walijaribia nguo. Mchana wateja walipopungua, aliingia nyuma ya pazia hilo na kigoda chake, akavaa hedifoni, akacheza. Ilikuwa gemu ya vita, watu wanne kwa wanne, na upande unaobaki na mtu hai ndio unaoshinda. Mwanawe ndiye aliyemfundisha, wakati mama alipovunjika mguu na kulala kitandani hana hili wala lile. Mguu ukapona, mwana akachoka na gemu akarudi kwenye malori yake ya safari za mbali, lakini mama alikuwa amekwishanogewa.

Kwenye maiki hakusema neno hata siku moja. Alishawasikia wasichana wakiingia na kusalimia vizuri, na papo hapo wakaulizwa simu ya kaka yao wameiiba saa ngapi, au wakaambiwa warudi jikoni, au wakaambiwa mambo ambayo hata kuyarudia ni dhambi. Yeye aliandika tu: kushoto, subiri, twende. Wenzake wakamwita Bubu, wakamheshimu, na kwa kuwa hawakumjua wakamtungia sura yao wenyewe: mwanajeshi mstaafu, mzee wa maneno machache, mwenye ndevu.

Timu yake ilifika fainali ya ligi ndogo ya watu wa mji ule. Upande wa pili alibaki kijana mmoja anayejiita Nyundo, na Bubu akamlenga kutoka mbali, akamaliza kazi. Nyundo alikubali kiungwana mbele ya wote. Alisema, "Huyo Bubu ni dume kwelikweli. Mkono wa dume haudanganyi, umenipata?" Hilo "umenipata" lilikuwa pambo la maneno yake yote, na alilisema taratibu, kama mtu anayegongomea msumari.

Siku chache baadaye maiki ikabaki wazi. Mkwewe, mke wa mwanawe, ambaye walishona pamoja pale dukani, aliita kutoka mbele kwamba mwenye sare za shule amekuja kuzichukua. Mama Fundi akajibu bila kufikiri, "Mwambie akae kidogo, bado vifungo."

Sauti yake haikuwa imezeeka pamoja naye. Wateja waliompigia simu mara nyingi walidhani wanaongea na binti. Kwenye hedifoni mmoja akauliza kama Bubu ni demu, na wote wakaangua kicheko. Nyundo naye alikuwamo siku hiyo. Yeye peke yake hakucheka.

Ujumbe wa kwanza wa Nyundo uliingia jioni ileile, na uliuliza ni nani anayemchezea. Wa pili ulisema amemfanya amsifu mwanamke mbele ya watu, na deni la namna hiyo hulipwa. Kisha ukaja ule uliomnyima chakula: "Nimesikia cherehani. Nimesikia na mashine ya kukata vyuma hapo jirani. Mafundi nguo waliopakana na wakata vyuma si wengi mji huu. Umenipata?"

Alikuwa akiusoma na mashine yenyewe ikilia ukuta wa pili, ikipiga kelele kama mnyama aliyebanwa mlangoni. Alitamani aende amwombe jirani aizime. Angemwambia nini?

Aliifuta gemu kwenye simu. Lakini kutojua kukawa kubaya kuliko kujua. Alikata kitambaa cha mtu upande usio wake, akaunguza kola, akashtuka kila kivuli kilipopita mlangoni, mpaka mkwewe akamuuliza kama anaumwa. Akairudisha gemu, akasoma. Zilikuwa picha sasa. Mlango wa duka la fundi mmoja wa mtaa wa mbali. Mlango wa mwingine. Kisha duka aliloweza kulifikia kwa miguu bila kutoa jasho.

Alikuja asubuhi, jua likiwa kali na mlango uko wazi.

Mama Fundi alikuwa amepiga magoti mbele ya gauni lililovikwa kwenye sanamu la mbao, pini zimejaa katikati ya midomo. Kijana aliingia, nadhifu, kachomekea shati, akasalimia kwa adabu, akasema anataka kushonewa suruali ya kazi. "Isibane hapa pajani, mama, umenipata?"

Sauti hiyo aliijua. Alibaki ameinamia pindo la gauni, akiomba uso wake usimsaliti. Hakutoa pini mdomoni. Alinyanyuka, akachukua utepe wa kupimia, akampima mtu yule kiuno, nyonga, urefu wa mguu, mikono yake ikipita kwenye mwili wa mtu aliyekuwa akimwinda, na kila alipoulizwa kitu aliguna tu, mm, kama mafundi wengi wanavyoguna. Kijana hata hakumwangalia. Macho yake yalikuwa kwa mkwe, aliyeketi kwenye cherehani ya pili na gauni lake la kijani, simu ikiwa pembeni ya uzi.

Akamuuliza mkwe kama kazi ni nyingi. Mkwe akasema wanashukuru. Akamuuliza kama kwenye simu ile anachezacheza gemu. Mkwe akacheka, akasema gemu ni za watoto na wanaume wasio na kazi. Kijana naye akatabasamu kidogo, akageuka kutazama ukuta ambao nyuma yake mashine ya vyuma ilikuwa imeanza kulia. Alisema atarudi kuichukua suruali yake.

Mama Fundi hakumwonya mkwewe. Alipaswa kusema, na alijua kwamba alipaswa, lakini ulimi ulikuwa mzito kama umeshonewa kinywani. Na kusema kweli, ndani ya hofu ile kulikuwa na nafuu ndogo ya aibu: hakunishuku mimi. Mama wa makamo mwenye miwani na pini mdomoni, nani angemshuku?

Kabla ya mchana simu ikatikisika. "Nimekuona leo. Kijani inakupendeza."

Hapo nafuu yote ikaisha. Alifunga mlango, akamkalisha mkwewe kwenye benchi la wateja, akamwambia yote, ya Bubu, ya maiki, ya picha. Mkwe alisikiliza mdomo wazi. Mwanzoni hakuelewa kwamba Bubu ndiye mama mkwe wake, ilibidi aonyeshwe. Alipoelewa, rangi ikamtoka.

"Kwa hiyo ulimwacha aniangalie mimi, mama," akasema.

"Nilimwacha."

"Na wewe unampima suruali."

Mkwe alisimama akaenda kuegemea meza ya kukatia, akampa mgongo, na mabega yake yakawa yanatikisika. Hakumtukana. Afadhali angemtukana.

Walikwenda pamoja kituo cha polisi. Askari wa zamu alisoma meseji kwa makini, akakubali kwamba si za kiungwana, kisha akauliza simu ni ya nani. Mama Fundi akasema ni yake. Askari akasema anauliza ni nani hasa anayecheza, maana malalamiko lazima ayatoe mwenyewe. Akasema ni yeye. Askari akamtazama kuanzia miwani mpaka kandambili, akatabasamu kama anayembembeleza mgonjwa, akamwambia arudi na kijana wake akiwa tayari kusema ukweli. Wakarudi nyumbani. Walikubaliana wasimwambie mwana, maana yeye angegeuza lori usiku huohuo aje kuua au kuuawa. Jirani wa vyuma alipoombwa awe anatupia jicho dukani alikubali kwa moyo mmoja, ila wote watatu walijua kwamba mashine yake ikishawaka hasikii hata mtu akichinjwa.

Na ilikuwa imewaka siku Nyundo aliporudi.

Safari hii aliusukuma mlango nyuma yake mpaka mwanga ukabaki mstari. Hakuuliza suruali. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye cherehani ya pili, akaweka kiganja juu ya gurudumu lake ili lisizunguke.

"Bubu," akamwambia mkwe. "Leo sema."

Mkwe alikauka kama kijiti. Mama Fundi aliona jasho likimchuruzika pembeni ya sikio, akatoa pini mdomoni moja baada ya nyingine, akaziweka mezani.

"Mwache huyo. Unayemtafuta ni mimi."

Kijana aligeuka haraka. Sauti aliijua. Alimtazama kwa mara ya kwanza, kutoka kichwani mpaka miguuni, na usoni mwake hasira na mshangao vilikuwa vikigombana.

"Sauti ndiyo hiyo," akasema. "Lakini sauti si mikono. Nani anacheza?"

"Mimi."

"Wewe ni sawa na mama yangu mzazi."

"Ni mimi ninayecheza, baba."

Akaketi kwenye benchi, akanyoosha miguu ikaziba njia ya kutokea, akatoa simu. "Basi cheza."

Hakukuwa na pa kupita. Mama Fundi aliketi kigodani, akafungua gemu. Walikuwa wawili tu uwanjani, yadi ya maghala na mapipa. Alisikia pumzi ya yule kijana, nzito, kwa pua. Alizunguka ghala la kwanza kwa mazoea, mwili ukikumbuka wenyewe, akapanda ngazi, na kutoka juu akamwona: Nyundo amejibanza nyuma ya pipa, anaangalia upande mwingine, mgongo wote wazi. Ilikuwa shabaha ya mtoto.

Akainua macho kidogo juu ya simu. Aliona taya la kijana limekaza, mshipa wa shingo umesimama. Aliona mkasi mkubwa mezani, karibu na mkono wa kijana kuliko wake. Aliona gauni la mkwewe. Huyu mtu alikuwa ametembea mtaa kwa mtaa kwa sababu ya kushindwa mara moja. Akishindwa mara ya pili, humu ndani, na mkwe akishuhudia, mikono ile itafanya nini?

Akausogeza mtutu wa bunduki pembeni, akapiga ukuta.

Nyundo akageuka, akammaliza.

Pumzi ndefu ilimtoka kijana. Uso wake wote ulilegea, ukarudi kuwa wa mtu wa kawaida, tena mwenye sura nzuri. "Nilijua," akasema taratibu. "Ni mwanao, siyo?"

Mama Fundi akasema, "Hayupo. Yuko safarini na lori lake."

"Mwambie nimemsalimia. Ana mkono mzuri. Na wewe, mama, usiwe unashikashika simu yake na kuongea mle ndani. Unamharibia heshima." Akanyanyuka, akaomba suruali yake, akaipima urefu kwa kuiweka kiunoni, akashukuru kwa adabu, akatoka.

Mkwe alisukuma komeo mpaka mwisho. Wakakaa sakafuni katikati ya vipande vya vitambaa, magoti yao yakigusana.

"Mama, pale nyuma ya pipa ulimwona?"

"Nilimwona."

"Ukakosea?"

"Sikukosea."

Mkwe akamshika mkono. Ndipo Mama Fundi alipolia, si kwa sauti, kwikwi tu za mtu aliyezibana siku nyingi.

Meseji zilikoma. Nyundo aliwadanganya watu wa ligi kwamba ameonana na Bubu ana kwa ana, ni kijana safi, dereva wa malori, na ile sauti ilikuwa ya mama yake fundi aliyepokea simu kwa ushamba. Wote wakaridhika. Wenzake wa timu walimwandikia Bubu mmoja mmoja kumwomba radhi kwa kumdhania mwanamke. Mkwe alizisoma meseji hizo kwa hasira, akataka wajibiwe, hata yeye yuko tayari kuwaandikia. Mama Fundi akasema si leo. Akaandika tu kwamba haina neno, na mechi ianze.

Bado anacheza, lakini si nyuma ya pazia tena. Amekihamishia kigoda mahali anapouona mlango wote. Mwanamume akiingia kutaka kupimwa, mkwe humwacha aseme haja yake kwanza, mpaka mwisho, huku akimtazama mama mkwe wake usoni. Mama Fundi akishaisikiliza ile sauti na kuinamisha kichwa kwamba si ya mle kwenye gemu, ndipo mteja anapoambiwa karibu.