Fomu ya Mgeni

Fundi kufuli alipohamia mtaani, karani wa kamati ya sheria alimtilia shaka kabla hajaijua hata sauti yake. Mwanamume mzima, hana mke, hana mtoto, na kazi yake eti ni kufungua milango ya watu! Kaka yake karani ndiye aliyemtonya.

"Dada, mtu yule mchunge. Mwanao hayuko sawa siku hizi."

Na kweli hakuwa sawa. Binti yake wa miaka tisa alikuwa ameanza kukojoa kitandani, chakula anakidonoadonoa tu, ukimgusa bega anaruka. Karani aliapa kwamba atakayebainika kumchezea mwanawe ataozea jela.

Tena sheria yenyewe ilikuwa ikipita mikononi mwake. Kamati ilikuwa inaandaa muswada wa kuwaorodhesha wanaonajisi watoto, picha zao zibandikwe hadharani. Wananchi walitakiwa kutoa maoni, na fomu aliitunga yeye: Mgeni huyo amehamia lini? Anaishi na nani? Anafanya kazi gani? Zikarudi fomu mia sita, na ukizisoma ungedhani nchi nzima imevamiwa na wapangaji wapweke. Lisemwalo lipo, alijiambia, akaandika kifungu cha tatu: orodha itawahusu watu wasio na undugu na mtoto. Mwenyekiti alikisoma akampa mkono.

Jumamosi alizibeba fomu nyumbani, akazipanga mezani sebuleni, dirisha wazi ili amwone jirani. Fundi alikuwa kibarazani kwake akichonga ufunguo kwa tupa. Kila akiinua kichwa, karani alihesabu. Mara ya nne alivuta pazia kwa hasira.

"Mama," binti akaita. Alikuwa ameshika fomu tupu na penseli.

"Naam, mwanangu."

"Kama siyo mgeni, naandika wapi?"

"Hiyo ni ya wageni tu, mwana..." Akaichukua fomu, akaipitia juu mpaka chini akitafuta nafasi. Haikuwapo. Na kifungu cha tatu kilikuwa kimeshapigwa muhuri.

"Niambie mimi, mwanangu. Nitaandika mimi."

Mtoto aliitazama saa ya ukutani. "Saa kumi anakuja kunifundisha hesabu."

Kila Jumamosi saa kumi kaka yake alikuja kumfundisha mtoto, na karani alitumia nafasi hiyo kwenda sokoni, njia nzima akimshukuru Mungu kwa kumjalia ndugu. Alimvuta binti kifuani, akambana, akalia bila sauti.

"Hodi wenyewe!"

Sauti ilikuwa changamfu kama siku zote, na mlango ulikuwa tayari unasukumwa. Karani aliurukia, akaurudisha kwa bega, akatia komeo.

Mlango ukasukumwa tena kutoka nje.

"Dada, mbona hivyo? Ni mimi."

"Najua ni wewe," alisema karani.