Saa ya Giza Mishomoroni

Mastura aliulizwa mara moja tu, naye akajibu vibaya kwa adabu nzuri. Vijana wa kampeni walipita mtaani Mishomoroni na fulana zao za kijani, wakiomba kila ploti ya nyumba za kupanga izime umeme kwa saa moja, Jumamosi, eti kuuokoa ulimwengu. Bramwel, msimamizi wa ploti, akawauliza wapangaji, "Kuna mwenye neno?" Mastura akamtazama mama mkwe wake, Bi Mwidani. Ajuza akamkazia macho.

"Hakuna neno," Mastura akasema.

Neno lilikuwepo, tena kubwa. Bi Mwidani alikuwa na pumu. Kila jioni alivuta dawa kwa mashine ya umeme, mlango umefungwa, redio imepandishwa sauti jirani asisikie. Maradhi ni siri ya nyumba, ndivyo alivyolelewa. Pumu nayo ina aibu gani, jamani? Lakini nani wa kumwambia!

Jumamosi, magharibi ilipokwisha, Bramwel akashusha swichi kuu, akatia kufuli boksi la mita, akaenda zake uwanjani kwenye hafla ya kampeni, funguo mfukoni. Hapo sasa ulimwengu ukaokolewa! Kila mlango ukawasha koroboi, na waliokuwa wakipikia umeme wakatoa majiko ya makaa barazani. Moshi ukajaa ua mzima. Kupumzisha hewa huko, wallahi!

Bi Mwidani akaanza kukohoa. Kisha kikohozi kikakatika, ukabaki mluzi mwembamba kifuani. Mastura alifungua dirisha, moshi ukaingia. Akalifunga, joto likawakaba. Akainuka kwenda mlangoni, mkono wa ajuza ukamdaka kifundo cha mkono.

"Usini...tangaze."

"Mama, niache niite watu!"

"Ukitoka... radhi zangu... huna."

Mastura akaketi. Aende wapi? Huku radhi, huku roho ya mtu. Alilia kwa hasira, akimlaani Bramwel, akiulaani ulimi wake mwenyewe uliosema hakuna neno. Ajuza hakumwachia. Mluzi ukazidi kuwa mwembamba. Mwisho vile vidole vikaanza kulegea vyenyewe, na kulegea kule kukamtisha Mastura kuliko laana yoyote.

"Jamani nisaidieni! Mama anakufa!"

Justus wa chumba cha pili, mpakiaji wa bandarini, hakuuliza swali. Akambeba ajuza mgongoni, Mastura nyuma na mashine, mbio hadi uwanjani kumsaka Bramwel na funguo zake.

Uwanja ulikuwa unawaka kama harusini. Jenereta kubwa ilikuwa ikinguruma na kutema moshi mweusi, taa kali zikimulika bango lililoandikwa ZIMA TAA, OKOA DUNIA, na mgeni rasmi akihutubia kwa kipaza sauti. Mastura hakumtafuta Bramwel tena. Alichomoa waya wa kipaza sauti, akachomeka wa mashine.

Bi Mwidani akavuta. Akavuta tena. Nusu ya Mishomoroni ilikuwa imemzunguka, shungi limemtoka kichwani, kifua kinapanda na kushuka mbele ya macho ya wote. Mastura akapiga magoti kando yake, akingoja laana.

Ajuza akasogeza barakoa ya mashine kidogo.

"Mwanangu, waambie wazime hizo taa. Wasinione."

Zikazimwa zote. Uwanja ukawa giza kweli, mara ya kwanza jioni ile, na jenereta ikabaki ikinguruma kwa ajili yake peke yake. Gizani mkono wa ajuza ukapapasa, ukakipata kifundo cha mkono wa Mastura, ukakishika.