Msamaha Wenye Mwangwi

Masikio hakupewa jina hilo kwa ukubwa wa masikio yake, ingawa nayo hayakuwa haba. Alipewa kwa sababu kazi yake ilikuwa kusikiliza upuuzi wa watu toka asubuhi hadi jioni, kuupiga pasi, na kuurudisha kwa wenyewe ukiwa umependeza. Alikuwa fundi wa kuchanganya sauti. Chumba chake kilikuwa nyuma ya nyumba, kuta zimezibwa kwa magodoro yaliyostaafu. Humo ndimo walimoingia marapa wa mtaa, kila mmoja na mistari yake kwenye simu na miwani ya jua usoni, kana kwamba jua lilikuwa linachomoza ndani. Wote walikuwa wafalme. Katika miaka yote ya kazi yake Masikio hakuwahi kurekodi raia wa kawaida.

Lakini mfalme aliyemchosha kuliko wote alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake wa kike. Mchana aliuza rangi za nyumba dukani kwa watu, na hapo alikuwa mtu mpole wa kusema "karibu mama, hii haibanduki." Akifika kwenye maiki aligeuka Kimbunga. Jina hilo alijipa mwenyewe. Mtaani hakuna aliyewahi kuona hata upepo.

Jumamosi hiyo Kimbunga aliingia na kompyuta yake kwapani, akafunga mlango, akanong'ona, "Yupo?"

"Yupo jikoni," alisema Masikio. "Kwani amehama?"

Mdogo wake alikuwa amerudi kwa kaka yake tangu mwezi uliopita, na chanzo kilikuwa keki. Alikuwa fundi wa keki, tena fundi wa kusifika, na alikuwa amepewa keki ya harusi iliyomla kutwa nzima ya kazi, yenye krimu juu hadi chini. Aliiweka kwenye friji akatoka kwenda kutafuta maboksi. Aliporudi, krimu ilikuwa sakafuni na keki imelala ubavu. Bibi harusi alikata maandazi. Mama wa bibi harusi, mwanamke mwenye mdomo na mwenye marafiki, aliuambia mji mzima kwamba yule binti ni mchafu na hajui kazi, na tangu siku hiyo simu ya mwenye keki ikawa haiiti.

Kimbunga alisema umeme ulikatika. Mkewe alisema friji ilizimwa na mtu, kwa sababu kila mumewe akirekodi nyumbani alikuwa anaizima isivume kwenye maiki. Akasema kwamba kabla ya kutoka alimuuliza, naye akamjibu ameshaiwasha. Kimbunga akaapa mbele ya wazee kwamba hajaulizwa kitu na mtu yeyote, na kwamba mkewe amechanganyikiwa na hasara. Wazee wakatikisa vichwa. Masikio naye akatikisa chake, akamwambia mdogo wake avumilie, hasira zitamwisha. Mdogo wake akaenda kutandika kitanda cha wageni.

"Nimemtungia wimbo," alisema Kimbunga. "Wa kuomba msamaha. Ukishauchanganya vizuri namsikilizisha hapa hapa. Shemeji, nakwambia, atafunga mizigo mwenyewe."

"Lete."

Wimbo ukaanza. Mdundo ulikuwa wa kupakua mtandaoni, bado una sauti ya mtengenezaji ikitaja jina lake mwenyewe kila baada ya mistari michache, kwa hiyo katika msamaha huu wa mke na mume kulikuwa na mwanamume wa tatu. Kisha ikaja sauti ya Kimbunga. Alikuwa ameirekodi mara nyingi na kuzipanga zote moja juu ya nyingine, akaipaka mwangwi, akaupaka mwangwi ule mwangwi mwingine. Alisikika kama mtu aliyetumbukia kwenye tangi la maji akawa anagombana na majirani. Kila penye herufi P maiki ilipigwa kofi.

"Maneno hayasikiki," alisema Masikio.

"Ongeza mwangwi basi."

"Nisomee."

Kimbunga alikohoa, akanyoosha mkono mmoja mbele kama wanavyofanya, akasoma:

"Mimi ni moto, wapinzani wanaungua,
Umeme ulikatika, dunia inajua,
Mke wangu rudi, moyo unaugua,
Nimeshakusamehe, mlango nitafungua."

Masikio alivua vipokea sauti shingoni, akaviweka mezani taratibu.

"Umemsamehe wewe?"

"Si ndiyo kiini cha wimbo?"

"Na wapinzani wameingiaje kwenye ndoa yenu?"

"Shemeji, ile ni rap. Bila wapinzani haikai."

"Unaanza na wewe, unaendelea na wewe, mke unamkuta mstari wa tatu, tena umemwita kwa sababu inakuuma wewe. Umefuata kina cha '-ua' kama mbuzi anayefuata majani, popote kilipo umekwenda. Huo si msamaha, huo ni mkutano wa kampeni."

"Haya, mashairi tutayarekebisha," alisema Kimbunga, ambaye hakuwa na nia ya kurekebisha kitu. "Wewe nifanyie sauti. Sauti ikiwa nzito, atalia tu."

Masikio hakubishana. Alikuwa na dharau ya mtu anayelipwa kwa kuvumilia, na huyu hata kulipa halipi, ni wa nyumbani. Akaanza kazi. Akazima mdundo. Akaondoa mwangwi wa juu, na wa chini yake. Akafuta nakala zote za sauti akabakiza moja, na pale ndani ikabaki sauti nyembamba ya muuza rangi, inayopumua kwa pua.

"Mbona umenivua nguo?" alisema Kimbunga.

"Nakutafuta."

Akafika kwenye kiitikio. Chenyewe kilikuwa kizuri kidogo kuliko mistari mingine, na chumba kilimorekodiwa kilisikika tofauti, kikavu zaidi.

"Hiki umekirekodi siku nyingine."

"Ee, hicho cha mwezi uliopita. Kilikaa vizuri, nikaona dhambi kukitupa. Nikakipachika."

Masikio akakibana. Kubana sauti ni kazi ya kila siku ya fundi: kilichopanda juu kinashushwa, na kilichokuwa chini kinainuka, ili mtu akinong'ona asikike sawa na akipiga kelele. Marapa wengi hawajui kwamba ukiibana sauti, unainua pamoja nayo kila kitu kilichokuwa chumbani: kiti, mbwa, mjukuu wa jirani. Masikio alibana hadi mwisho, akakiachia kiitikio kicheze. Katikati ya mstari na mstari, pale ambapo Kimbunga alinyamaza kuvuta pumzi, ikatokea sauti ya mwanamke, mbali, nyuma ya mlango.

"Mume wangu, natoka. Friji umeiwasha?"

Na sauti ya Kimbunga, karibu kabisa na maiki, "Ssshh! Nimeshaiwasha! Narekodi!"

Kisha kiitikio kikaendelea, kikimwita mke malkia.

Masikio alirudisha nyuma, akakichezesha tena. Aliona aibu, na haikuwa aibu ya shemeji yake peke yake. Mdogo wake alikuwa ameyasema maneno hayo hayo mbele ya wazee, neno kwa neno, na yeye, mtu anayeitwa Masikio, hakuyasikia.

Kimbunga alikuwa anatazama kioo cha kompyuta kwa makini, kama mteja anayechagua rangi.

"Hapo," alisema hatimaye, akigusa kioo kwa kidole. "Hapo unaweza kupafuta, sivyo?"

Masikio alikuwa amewahi kuchoka na watu, kuwacheka, kuwasema wakishaondoka. Siku hiyo alimchukia mtu. Alisimama, akafungua mlango, akaita, "Mdogo wangu! Hebu njoo."

"Shemeji, usifanye hivyo. Shemeji!"

Mdogo wake alikuja na unga mikononi. Alikuwa anakanda mkate wa kula nyumbani, kwa kuwa wa kuuza haukuwa na mnunuzi. Kaka yake hakumweleza kitu. Alibonyeza tu. Mwenye keki alisikiliza sauti yake mwenyewe ikiuliza, akasikiliza jibu, akasikiliza na malkia. Uso wake haukubadilika.

"Si ndivyo nilivyosema?" alimwambia kaka yake.

"Ndivyo. Nisamehe," alisema Masikio. Maneno mawili, hayakuhitaji mdundo.

Kimbunga naye akaona nafasi. "Mke wangu, mimi nimekutungia..."

"Mlango hauna godoro, nimeusikia toka jikoni. Umenisamehe, asante."

Alifuta unga kwenye gauni, akatoa simu mfukoni, akabonyeza, akaiweka mezani mbele ya mumewe ikiwa kwenye spika. Ikaita. Kimbunga alitazama jina la mama wa bibi harusi kwenye kioo, akarudi nyuma hadi akagonga godoro.

"Ana mdomo yule mama! Ataniimba mji mzima. Nimwambie nini?"

"Mimi ameshaniimba."

"Haloo?" ilisema simu. "Wewe binti, unanitakia nini tena?"

Mwenye keki na kaka yake walimtazama Kimbunga, mwanamume ambaye wiki nzima alikuwa amepiga kelele kwenye maiki akijiita moto. Alifungua mdomo, ikatoka hewa. Akajaribu tena.

"Mama, ile keki... friji niliizima mimi."

"Nani huyo? Sisikii, unanong'ona nini? Ongea!"

Kimbunga alimtazama shemeji yake, fundi wa sauti, kwa macho ya kuomba msaada. Masikio alikunja mikono.

"Ongea," alisema mkewe. "Hajasikia."