Chupa Isiyo na Barafu

Kitindamimba wangu alibakiza somo moja tu athibitishwe kuwa mwalimu. Mara ya kwanza alishikwa na kigugumizi mbele ya mkaguzi, akaambiwa arudie. Safari hii somo lilikuwa maji yasiyo na chumvi: yanapatikana wapi, na yana sura ngapi. Asubuhi akatangulia shuleni, nami nikamfuata na barafu ndani ya chupa ya chai, isiyeyuke njiani.

Nyumbani tuna chupa mbili nyekundu, kulwa na doto.

Nilikuta watoto wanataja. "Mtoni!" "Kisimani!" "Ziwani!" Kibogoyo mmoja wa dawati la mbele akasema, "Kwenye mtungi wa bibi."

"Na bibi anayatoa wapi?" mwanangu akamuuliza.

"Bombani."

"Na bomba?"

Mtoto akafikiri. "Bibi hajaniambia."

Hata mkaguzi, mama mmoja wa miwani, akainama kuficha kicheko.

"Sasa tuone maji yaliyoganda, kama ya vilele vya milima mirefu," akasema mwanangu, akafungua chupa.

Mvuke ukafuka. Chai ya rangi, tena yenye sukari!

Nikaegemea ukuta. Mkaguzi akanipisha kiti chake. Mwanangu alinyamaza, nikajua kigugumizi kimerudi. Kumbe anafikiri. Akachukua sahani aliyoiandaa kwa barafu, akaishika juu ya mvuke mpaka ikalowa.

"Njoo uonje," akamwambia kibogoyo.

Mtoto akagusa sahani, akalamba kidole. "Mwalimu, haina sukari! Wala rangi!"

"Sukari imebaki wapi?"

"Kwenye chupa."

"Bahari nayo ina chumvi. Jua likiipasha moto, yanapanda maji matupu, chumvi inabaki chini. Yakipoa huko juu yanakuwa mvua, mvua inajaza mito na visima."

"Na bomba la bibi!"

Darasa zima likacheka. Kengele ilipolia, mkaguzi akaandika neno moja, akamgeuzia mwanangu daftari: Amefaulu. Nikashusha pumzi niliyoibeba tangu alfajiri.

"Mama," mkaguzi akaniambia, "hiyo chai imebaki? Barafu nisingeweza kuinywa."

Tukammiminia.

Nyumbani tulifungua chupa ya pili. Barafu ilibaki kipande kama kidole, kinaelea.

"Ulitaka kuniua, mama," mwanangu akasema, akacheka mpaka machozi yakamtoka, akanijazia gilasi mimi kwanza.