Mtunza Kutu

Kazi ya Kombo ilikuwa kutunza kutu. Bomba la mafuta ya taa lilitoka gatini, likapita nyuma ya nyumba yake hadi kwenye matangi. Kando yake ofisi ilitundika vipande vya chuma, vipigwe na upepo wa chumvi. Mkaguzi akija hutazama kutu ilivyovila, akajua na bomba limeliwa kiasi gani. Amri ilikuwa moja: visiguswe. Vikiharibika, Kombo kazi hana.

Mkewe alipojifungua, mama mkwe, Bi Mboni, akaja kutoka Kigombe kumkanda mzazi. Mwanamke yule akiona masizi kwenye sufuria hapati usingizi. Asubuhi moja Kombo alimkuta amechutama na vile vyuma, anavisugua kwa jivu, mchanga na kumbi la nazi, vinang'aa.

Angesema nini? Mkwe hakaripiwi. Aliinamisha kichwa, akasema, "Shikamoo, mama," akapita. Mimi ningepiga kelele, lakini mimi sina mkwe. Bi Mboni akaona amepongezwa, akavisugua kila siku.

Mkaguzi, Bwana Fanueli, alipofika, alijiona uso kwenye chuma.

"Nani kafanya haya?"

Kombo alimfikiria mtoto wake mchanga. Lakini kumtaja mkwe ni aibu isiyofutika.

"Ni mimi, bwana."

"Basi kazi huna."

Bi Mboni alisikia yote kutoka mlangoni, na akaudhika kweli. Kufukuzwa kwa mkwewe hata hakukumwingia akilini; aliona anaporwa sifa yake.

"Mwanangu, unasema uongo mbele ya mgeni? Nimesugua mimi. Na hilo bomba lenu chafu nimelisugua pia, jana likatoboka, nikaliziba kwa sabuni. Njooni mtazame."

Bwana Fanueli akaibandua sabuni. Mafuta yakamrukia suruali, akairudisha sabuni upesi. Akagonga bomba kwa spana huku na huku, na kila alipogonga palimeguka. Ilibidi akae chini.

"Mtaa huu ungeungua wote," akasema. Akaamuru mafuta yafungwe gatini na bomba libadilishwe, na Kombo abaki kulilinda jipya.

Bi Mboni akasema kumbe hawezi kuondoka, maana hilo jipya atalisugua nani?

Kombo alimshika mkono, machozi yakimlenga. "Kaa, mama, mpaka uchoke mwenyewe," akasema. "Ila bomba niachie mimi."